Kuflashi fimwea kwenye kibodi za mekanika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Majibu haya ni ya watu wa Mtwara, Lindi, Masasi, Nachingwea na kwingineko kusini walioagiza au kujiundia kibodi ya mekanika, na sasa wanataka kubadilisha programu iliyo ndani yake. Kama una haraka, soma swali la chipu na swali la umeme kukatika. Mengi ya yaliyobaki yanategemea hayo mawili.

Fimwea ni nini, na kwa nini niiguse wakati kibodi inaandika vizuri?

Ndani ya kibodi kuna chipu ndogo. Kazi yake ni kupitia vitufe vyote safu kwa safu, kuona kipi kimebonyezwa, na kuipelekea kompyuta habari hiyo kupitia waya wa USB. Maelekezo yanayoiongoza ndiyo fimwea, na kuyaandika upya ndani ya chipu ndiko kuflashi. Ukiibadilisha, unabadilisha tabia ya kibodi yenyewe: Caps Lock inaweza kuwa Ctrl, herufi za mkono wa kulia zinaweza kugeuka namba ukibana kitufe fulani, na mpangilio huo utakufuata popote utakapochomeka, iwe kwenye laptopu yako, kompyuta ya ofisini au ya steshenari ya jirani. Huhitaji kugusa chochote kwenye kompyuta ya mtu.

Fimwea inayotumika zaidi inaitwa QMK. Chimbuko lake ni TMK, kazi ya Jun Wako, ikaendelezwa na Jack Humbert pamoja na watu wengi wanaojitolea. Inatolewa kwa leseni ya GPL: msimbo wake uko wazi, na muuzaji anayeiweka kwenye kibodi anazouza anawajibika kuwapa wanunuzi msimbo aliotumia. Kama bado hujanunua, tafuta kwanza kama msimbo wa kibodi unayoitaka umewekwa hadharani. Usipoupata, nunua nyingine. Siku muuzaji akiacha kuishughulikia, utabaki na kifaa kizuri ambacho huna namna ya kukibadilisha.

Nitajuaje kama kibodi yangu inakubali QMK?

Tafuta jina la bodi (sakiti ya ndani ya kibodi) na toleo lake. Mara nyingi vimechapishwa kwenye bodi yenyewe, chini ya swichi au upande wa nyuma. Kisha litafute jina hilo kwenye orodha ya QMK. Usipuuze toleo: bodi mbili zenye jina moja, moja rev1 na nyingine rev2, zinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa.

Kibodi nyingi za bei ya chini zenye taa za rangi zinazoletwa kwa basi kutoka Kariakoo zina chipu ambazo QMK haizitambui. Hizo zitumie kama zilivyo. Usizilazimishe faili la kibodi nyingine kwa sababu tu zinafanana sura.

Kila mtu ananiambia nijue chipu kwanza. Kwa nini?

Kwa sababu chipu ndiyo inayoamua ni faili la aina gani, programu gani ya kuflashia, na kitufe kipi cha kubonyeza. Watu wanaohangaika jioni nzima kwa kawaida wana faili sahihi na bidii ya kutosha, ila wanafuata maelekezo ya chipu ambayo si yao. Piga picha ya chipu kwa simu, ikuze, usome maandishi. Huku utakutana zaidi na hizi:

ATmega32U4 ndiyo iliyo kwenye Pro Micro (bodi ndogo inayobeba chipu) na kwenye seti nyingi za kujiundia za miaka ya nyuma. Ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu. Kwenye Pro Micro, kilobaiti 4 zinachukuliwa na butiloda (programu ndogo ya kupokea fimwea mpya) iitwayo Caterina, kwa hiyo fimwea inabakiwa na baiti 28,672. Faili lake ni .hex. Elite-C ina chipu hiyohiyo lakini butiloda yake ni ya aina ya DFU, na kwenye Windows lazima uiwekee draiva yake. Mtu akikuambia "ni ileile tu ya Pro Micro", muulize butiloda gani.

RP2040 ndiyo chipu ya Raspberry Pi Pico iliyotoka mwaka 2021, na sasa imejaa kwenye kibodi mpya. Faili lake ni .uf2. Ukiiingiza kwenye hali ya kuflashi inajitokeza kwenye kompyuta kama flashi diski yenye jina RPI-RP2. Unanakili faili humo, flashi inatoweka yenyewe, na kibodi inaamka na fimwea mpya. Hakuna programu ya kusakinisha. Kama unaanza leo na una uhuru wa kuchagua, chagua hii bila kusita. Butiloda yake imo ndani ya chipu tangu kiwandani na hakuna faili linaloweza kuifuta.

STM32 iko kwenye kibodi nyingi za bei ya kati. Faili huwa .bin, na kuflashi hufanywa kwa programu ya dfu-util au kwa programu ya QMK Toolbox ambayo huitumia dfu-util kimyakimya. nRF52840 ni ya kibodi zisizo na waya, na ina swali lake huko chini.

Naingiaje kwenye hali ya kuflashi?

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kitufe ulichokipangia QK_BOOT kwenye mpangilio wako: unakibonyeza, kibodi inaingia. Ya pili inaitwa Bootmagic: chomoa waya, bana kitufe cha juu kabisa kushoto, ambacho kwa kawaida ni Esc, kisha chomeka huku umekibana. Njia hii hufuta pia mipangilio iliyohifadhiwa, kwa hiyo kama ulipanga vitufe kwa VIA (programu ya kupanga vitufe bila kuflashi), hifadhi nakala kwanza. Ya tatu ni kwa mkono kwenye bodi: kitufe cha RESET au BOOT kilicho nyuma.

Pro Micro nyingi hazina kitufe hicho. Unagusanisha matundu ya RST na GND kwa kibano au kipande cha waya, mara mbili haraka. Caterina itakupa kama sekunde 8, kisha inarudi kwenye fimwea ya zamani. Sekunde hizo ni chache kwa mtu anayetafuta faili kwenye folda. Fungua QMK Toolbox kabla, chagua faili, weka alama kwenye Auto-Flash, ndipo uguse. Kwenye RP2040 bana BOOT huku unachomeka waya, basi.

Umeme ukikatika katikati ya kuflashi, kibodi imekufa?

Haijafa. Najua hofu hii inatoka wapi. Kusini tumeishi miaka mingi na umeme wa mitambo ya gesi ya hapahapa Mtwara, nje ya gridi ya taifa, na mtambo ukiyumba giza linatufika wote mpaka Lindi. Mtu aliyezoea hali hiyo anaogopa kuanza kitu chochote kinachoandika ndani ya chipu.

Chipu ina sehemu mbili: sehemu ya butiloda na sehemu ya fimwea. Unapoflashi kwa njia za kawaida unaandika sehemu ya fimwea tu. Umeme ukikatika, fimwea inabaki nusu na kibodi haiandiki chochote, lakini butiloda ipo palepale, inasubiri faili. Umeme ukirudi, unaingia tena kwenye hali ya kuflashi na kuanza upya.

Cha kuzingatia ni kwamba QK_BOOT na Bootmagic zinaishi ndani ya fimwea, na fimwea ikiharibika nazo hazipo. Utahitaji njia ya mkono. Ndiyo maana nawasisitiza watu, kabla ya kuflashi mara ya kwanza, wahakikishe wanajua RESET au BOOT iko wapi, hata kama inabidi kufungua boksi la kibodi. Kibodi iliyofungwa kwa skrubu nane na haina tundu la kufikia RESET inastahili kufunguliwa siku ambayo bado inafanya kazi.

Ukiwa na laptopu yenye betri nzima, tatizo lote linapungua, kwa kuwa kibodi inapata umeme kutoka laptopu. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, flashi wakati umeme umetulia. Umeme ukikatika, chomoa kibodi, na uirudishe baada ya umeme kurudi na kukaa sawa. Kurudi kwake kwa kishindo ndiko kunakoharibu vifaa.

Bando langu ni dogo. Nitapakua kiasi gani?

Inategemea njia. Ya bei nafuu kuliko zote ni QMK Configurator: unafungua ukurasa, unachagua kibodi, unapanga vitufe, na kukompaili kunafanyika kwenye seva yao. Wewe unashusha faili lililo tayari, ambalo kwa Pro Micro halifiki hata kilobaiti 100. Hakikisha unashusha na faili la JSON la mpangilio wako. Hilo ndilo utakaloliingiza tena siku ukitaka kurekebisha kitufe kimoja. Faili la .hex peke yake huwezi kulirudisha kuwa mpangilio unaosomeka, na nimeona watu wakipanga upya vitufe vyote kwa kumbukumbu ya vidole.

Njia nzito ni kuweka mazingira kamili ya QMK kwenye kompyuta yako. Msimbo ni mamia ya megabaiti, na ukiongeza zana za kukompaili unapita gigabaiti moja. Faida yake ni kwamba ukishamaliza, hauhitaji intaneti tena: kwa kibodi ya Corne, mfano, unaandika `qmk compile -kb crkbd/rev1 -km jinalako` na faili linatoka hata ukiwa Liwale bila mtandao. Ushauri wangu ni mmoja wenu apakue mara moja mahali penye mtandao wa chuo au ofisi, kisha folda nzima izunguke kwa flashi diski. Leseni inaruhusu. Anayetumia git kwa bando lake mwenyewe aongeze `--depth 1` anapovuta msimbo, ili asishushe historia yote ya mradi.

Mei 2024 ilitufundisha umuhimu wa nakala za hapahapa. Kimbunga Hidaya kiliacha barabara ya Dar es Salaam imekatika kule Somanga, na mwezi huohuo nyaya za chini ya bahari zikakatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Mzigo haukuweza kufika na faili halikuweza kushuka. Tangu hapo nawaambia watu wakae na vitu vinne kwenye flashi moja: QMK Toolbox, fimwea ya kiwandani ya kibodi yao, fimwea yao ya sasa, na JSON ya mpangilio.

Sina kompyuta, nina simu tu. Inawezekana?

Kupanga na kukompaili kwa Configurator kunawezekana kwenye kivinjari cha simu, ingawa vitufe ni vidogo kwenye kioo. Kuflashi kunategemea chipu. Kwa RP2040 zipo simu za Android zenye OTG (uwezo wa kusoma vifaa vya USB) zinazoiona kama flashi diski na kukuruhusu kunakili .uf2 kwa programu ya mafaili. Nyingine zinakataa. Kwa Pro Micro na STM32 usipoteze muda, azima laptopu kwa dakika kumi.

Windows haioni kibodi ninapotaka kuflashi. Tatizo nini?

Anza na waya. Waya nyingi zinazouzwa kwa ajili ya chaja za simu zinapitisha umeme peke yake, hazina nyuzi za kupitisha data. Taa ya bodi inawaka, unaamini kila kitu kiko sawa, kumbe kompyuta haijapata habari yoyote. Jaribu waya ambao umewahi kuhamishia picha kutoka simu kwenda kompyuta. Kama bodi yako ni ya USB-C na unatumia waya wenye C pande zote mbili, jaribu pia wenye A upande wa kompyuta, kwa sababu bodi nyingine zimeundwa bila vipinga vinavyohitajika na hazipati umeme kabisa kwa waya wa C kwa C.

Waya ukiwa mzima, angalia draiva. QMK Toolbox ina kipengele cha kusakinisha draiva kwenye menyu ya Tools, nacho kinatosha kwa butiloda nyingi. Ikibidi utumie Zadig, programu nyingine ya kuweka draiva, ingiza kwanza kibodi kwenye hali ya kuflashi, kisha soma mara mbili jina la kifaa ulichochagua. Zadig itabadilisha draiva ya kifaa chochote utakachoielekeza, hata mausi au kibodi unayoandikia, na hapo kifaa hicho kitaacha kufanya kazi mpaka uondoe draiva hiyo kwenye Device Manager.

Kwenye Linux kikwazo ni ruhusa. Nakili faili la `50-qmk.rules` lililo ndani ya msimbo wa QMK uliweke `/etc/udev/rules.d/`, kisha chomoa na uchomeke upya.

VIA na Vial zina tofauti gani na kuflashi?

Zote mbili zinakuwezesha kubadilisha vitufe bila kuflashi tena, ila kibodi lazima iwe na fimwea inayozikubali. Unaflashi mara moja, baada ya hapo unapanga kwenye kioo na mabadiliko yanaingia papo hapo.

VIA inafunguka kwenye kivinjari cha jamii ya Chrome au Edge, na Firefox haiwezi. Vial inayo pia programu ya kusakinisha kwenye kompyuta inayofanya kazi bila intaneti, na inakuruhusu kupanga kombo (vitufe viwili vinavyobonyezwa pamoja) na vitufe vya kugonga mara mbili ambavyo VIA ya kawaida haikupi. Kwa mazingira yetu ya bando la kupima, naipendelea Vial.

Inaandika kwamba fimwea ni kubwa mno. Nifanye nini?

Uko kwenye ATmega32U4 na umepita 28,672. Weka `LTO_ENABLE = yes` kwenye faili la rules.mk, hiyo peke yake mara nyingi inaokoa nafasi ya kutosha. Isipotosha, zima konsoli, vitufe vya mausi, na mitindo ya taa usiyoitumia. Taa ndizo mlaji mkubwa.

Kibodi yangu ni ya vipande viwili. Naflashi kipi?

Vyote viwili, kila kimoja peke yake, kila kimoja kwa waya wake wa USB. Corne, Lily58 na Sofle zote ni hivyo. Ukiflashi upande mmoja tu, pande mbili zinaweza kushindwa kuelewana, na upande wa pili utakaa kimya au utatoa herufi zisizo zake.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mwenye kibodi ya namna hii alishike: usichomoe wala kuchomeka waya wa katikati, ule wa TRRS, wakati USB imeunganishwa. Plagi yake inapoingia, sehemu zake za chuma hupita zikigusana na njia ambazo si zake, na umeme unaweza kwenda kwenye pini isiyostahili na kuunguza chipu. Chomoa USB kwanza, kila mara. Kosa la fimwea unaweza kulirekebisha kwa kuflashi upya, lakini pini iliyoungua hairudi.

Na zile za Bluetooth?

Hizo hutumia ZMK, fimwea iliyojengwa juu ya Zephyr, kwenye bodi kama nice!nano yenye chipu ya nRF52840. Huhitaji zana nzito: mpangilio wako unakaa kwenye tovuti ya GitHub, ukibadilisha kitu GitHub inakompaili yenyewe, nawe unashusha faili lililofungashwa lenye .uf2 za pande zote. Gonga reset mara mbili, flashi itajitokeza, nakili. Kama pande mbili zimekataa kuunganishwa, weka kwanza .uf2 ya `settings_reset` kwenye kila upande, kisha rudisha fimwea ya kawaida.

Nawezaje kuipanga kibodi kwa ajili ya Kiswahili?

Swali hili nalipenda kuliko mengine yote, kwa sababu mipangilio mingi tunayonakili iliwekwa na watu wanaoandika Kiingereza, na vidole vyao haviendi tunakokwenda sisi.

Chukua herufi A. Ndiyo tunayoibonyeza zaidi, maneno yetu yanaishia kwa irabu, na A iko chini ya kidole kidogo cha kushoto. Kuna mtindo unaopendwa sana wa kuweka vitufe vya Ctrl, Shift na Windows chini ya herufi za mstari wa kati: ukigonga unapata herufi, ukibana unapata kile kingine. Kwenye mpangilio unaoenea zaidi, A ukiibana inakuwa kitufe cha Windows. Mwandishi wa Kiswahili akikawia kidogo kwenye A, menyu ya Start inafunguka katikati ya sentensi. QMK inahesabu milisekunde 200 kabla ya kuamua kwamba umebana. Wewe unaweza kuipa A muda mrefu zaidi kuliko vitufe vingine kwa `TAPPING_TERM_PER_KEY`, au ukaiacha A iwe A tu na kuhamisha Windows kwenye dole gumba. Mimi naichagua hii ya pili.

Kisha ng'. Watu hufikiri haraka kombo ya N na G: bonyeza pamoja, upate ng'. Usifanye hivyo. Kombo inahesabu vitufe kuwa vimebonyezwa pamoja vikiwa ndani ya milisekunde 50, na N iko mkono wa kulia, G mkono wa kushoto, kwa hiyo mwandishi mwepesi anavipiga karibu kwa wakati mmoja. Ukiandika ngoma, jengo au nguo utapata ng'oma, jeng'o na ng'uo. Chagua vitufe viwili ambavyo havifuatani katika maneno yetu, mfano J na K. Ndani yake weka makro (maandishi yanayojiandika yenyewe) ya ng'. Kumbuka pia kwamba ukishika Shift wakati makro inatoka utapata NG", kwa sababu Shift inageuza na apostrofi. Tengeneza makro ya pili ya Ng' kwa ajili ya mwanzo wa sentensi.

Q na X hazimo katika maneno yetu, kwa hiyo kwenye kibodi yenye vitufe vichache unaweza kuzipeleka tabaka la pili, yaani mpangilio wa pili unaoingia kwa kitufe maalumu. C iache, tunaihitaji kwa ch.

Mimi ni karani wa chama cha msingi, msimu wa korosho ni namba tupu. Kibodi ndogo itanifaa?

Itakufaa kuliko ile kubwa, ukiipanga. Weka tabaka la namba chini ya mkono wa kulia: 7 8 9 kwenye U I O, 4 5 6 kwenye J K L, 1 2 3 chini yake, 0 kwenye dole gumba. Kitufe cha kuingia tabaka hilo kiweke dole gumba la kushoto, na kitumie TG badala ya MO, ili ukigonga mara moja ubaki kwenye namba mpaka ugonge tena. Kubana dole gumba kwa saa nzima ya kuingiza kilo za stakabadhi ghalani kunachosha mkono. Weka Enter na Tab karibu na namba, ndani ya tabaka hilohilo. Mkono hautatoka mahali pake.

Panga na uzoee kabla ya Oktoba. Foleni ya wakulima ikishaanza si wakati wa kujifunza mahali mpya pa 5.

Kuna hatari ya kiusalama?

Ipo. Fimwea inaona kila unachoandika na inaweza kujiandikia yenyewe kwenye kompyuta. Usiflashi faili ulilotumiwa kwenye kundi la WhatsApp na mtu usiyemjua, hata kama kibodi ni hiyohiyo. Kompaili mwenyewe, au chukua kwa mtengenezaji.

Wala usiweke nywila kwenye makro. Anayeshika kibodi yako ataibonyeza na nywila itajiandika mbele yake, na makro za VIA zinasomeka na yeyote anayeichomeka kwenye kompyuta yake.

Kuflashi mara nyingi kunachakaza chipu?

Atmel walikadiria ATmega32U4 kuandikwa mara 10,000. Hautafika.

Nakaa karibu na bahari, vitufe vingine vimeanza kujirudia. Niflashi upya?

Kwanza safisha. Shangani, Mikindani, Lindi mjini, hewa ina chumvi, na chumvi ikipata unyevu inakaa kwenye miguu ya swichi na soketi zake. Kibodi inatoa herufi mara mbili au haitoi, na mwenye nayo analaumu fimwea. Chomoa, toa swichi kama zinatoka, pitisha mswaki laini wenye spiriti ya isopropili kwenye soketi, acha ikauke kabisa.

Kama bado inajirudia, hapo fimwea inasaidia: ongeza `DEBOUNCE`, muda wa kusubiri mguso wa swichi utulie, ambayo kwa kawaida ni milisekunde 5, iwe 8 au 10. Lakini swichi iliyoliwa na kutu itaendelea kuliwa. Ibadilishe. Na kibodi isiyotumika ifunike, usiiache dirishani.

Nimejaribu kila kitu, haionekani hata kwa RESET. Imekufa kweli?

Kama waya ni mzima, kompyuta ni nyingine, RST na GND zimeguswa sawasawa na bado kimya, kwenye ATmega32U4 inawezekana butiloda yenyewe imefutika. Inarudishwa. Unahitaji Pro Micro nyingine iliyo nzima, unaiwekea programu ya ISP (ya kuandikia chipu nyingine), kisha unaunganisha waya sita: pini 10 ya nzima kwenda RST ya iliyokufa, 14 kwenda MISO, 15 kwenda SCK, 16 kwenda MOSI, VCC kwa VCC, GND kwa GND. Baada ya hapo programu ya avrdude kwenye kompyuta inaandika butiloda upya. Hii ndiyo kazi pekee katika ukurasa huu ambayo sipendi ifanywe kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, kwa kuwa hapa unaandika butiloda yenyewe. Ikikatika njiani, unarudia kwa waya zilezile.

Ukiwa hujawahi kushika lehemu, mtafute fundi simu mwenye mkono mtulivu. Wapo wengi, na kuunganisha waya sita kwake ni kazi ndogo. Mpelekee mchoro wa pini ukiwa umechapishwa, na ukae naye mpaka amalize.